Wenye Timu na Watu wa Timu: Habari za Umiliki wa Mpira katika Nyanda za Kati za Tanzania

Neno -etu katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo aghalabu hazitenganishwi katika usemi wa kila siku. Asemaye "shamba letu" hudai kuwa shamba ni mali yake na ya wenziwe. Asemaye "mto wetu" hadai kuwa ameununua mto, bali hukiri kwamba maisha yake na ya wenziwe yamefungamana nao. Shamba laweza kuuzwa na mwenyewe, mto hauuzwi. Mtu wa Dodoma au wa Singida asemapo "timu yetu" hajipi taabu ya kueleza ni maana ipi kati ya hizo aikusudiayo, na siku ya ushindi hapana amwulizaye. Walakini timu inaposhindwa mfululizo, au inapobadilishwa jina, au inapohamishiwa mji mwingine, swali hilo huzuka ghafula na jibu lake huwa chungu: shabiki aliidhani timu kuwa mto, kumbe kwa mwenyewe ni shamba.

Magomvi baina ya wapenzi wa mpira na viongozi wa timu zao yamejulikana zaidi katika habari za Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko zilikozaliwa Yanga na Simba. Lakini kwa mtu atakaye kuelewa asili ya uchungu huo, nyanda za kati zina somo lililo wazi zaidi. Dar es Salaam mwenye malalamiko alikuwa na mlango wa kuyapitishia, hata kama mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Katika uwanda wa Dodoma na Singida mlango huo kwa sehemu kubwa haukujengwa, kwa kuwa timu nyingi za huko hazikuzaliwa na vyama vya watu. Ziliundwa na ofisi, zikalelewa na wakubwa, au zikanunuliwa na wenye mitaji.

Kwanza yafaa kutazama mlango huo wa Dar es Salaam ulikuwa wa namna gani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu waliojitenga nayo wakaanzisha chama chao, ambacho baada ya majina kadhaa, likiwamo Sunderland, kiliitwa Simba mwaka 1971. Vyote viwili vilikuwa vyama kwa maana kamili ya neno hilo: palikuwa na kadi, ada, mkutano mkuu na kura. Mtu wa timu aliitwa mwanachama, yaani mwana wa chama, na jina hilo lilimpa haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Asiporidhika aliweza kumwondoa kiongozi kwa kura, na akishindwa kumwondoa aliweza kuondoka yeye mwenyewe pamoja na wenziwe. Simba yenyewe ni tunda la kuondoka kwa namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka tena kwa ugomvi mkubwa, na waliotoka wakaunda Pan African, timu iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982. Basi hasira ya mwanachama ilikuwa na nguvu ya kuzaa kitu. Iliweza kubomoa, lakini iliweza pia kujenga.

Dodoma ilipata mwanzo mwingine. Mji huo ulikua juu ya reli ya kati, iliyofika hapo katika zama za Wajerumani, na kwa miaka mingi ulikuwa mji wa stesheni, wa soko na wa ofisi za jimbo. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa watu wote kwa herufi tatu tu, CDA. Pamoja na mipango ya barabara, viwanja na majengo ulikuja pia mpira wa maofisini. Dodoma ikawa na timu iliyoitwa Waziri Mkuu, na nyingine iliyoitwa CDA. Baadaye ilikuwapo Polisi Dodoma, iliyoteremka kutoka Ligi Kuu mwaka 2012. Majina haya yenyewe ni ushahidi wa kutosha. Hakuna hata moja lililotaja mlima, bonde, ukoo wala mtaa wa Dodoma. Yote yalimtaja mwajiri.

Si haki kusema kwamba timu hizo hazikupendwa. Watu walizishangilia, maana zilicheza mbele yao, na baadhi ya wachezaji walikuwa jirani zao. Lakini upendo huo haukuwa na kadi. Kocha akikosea, au fedha za timu zikipunguzwa, mtu wa Chang'ombe au wa Kikuyu hakuwa na mkutano wa kwenda kusimama na kuuliza. Mwenye kuamua alikuwa mkuu wa ofisi, na mkuu wa ofisi aliwajibika kwa aliyemteua, si kwa aliyekaa jukwaani. Ofisi ikikosa fedha, timu ilikosa viatu; ofisi ikifa, jina la timu halikuwa na pa kushika. CDA yenyewe ilivunjwa na Rais Magufuli Mei 2017, na shughuli zake zikakabidhiwa manispaa. Ilikuwa amri ya serikali juu ya chombo cha serikali, na hapana aliyetazamia kwamba mpenzi wa mpira angeulizwa rai yake.

Hata uwanja ulifuata desturi hiyohiyo. Uwanja wa Jamhuri wa Dodoma, kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Katika siku za chama kimoja, jambo la chama, la serikali na la umma halikutengwa sana katika fikira za watu. Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992 hati zilibaki zilipokuwa. Kwa hiyo mpenzi wa mpira wa Dodoma huingia katika uwanja usio wake kutazama timu isiyo yake, na bado husema "nyumbani".

Neno mwenyeji latoa sura nyingine ya jambo hili. Wako wanaoliona neno hilo kuwa limetokana na "mwenye mji". Katika lugha ya mpira, timu mwenyeji ni ile inayocheza katika uwanja wake. Lakini Simba au Yanga inapofika Dodoma, jukwaa hujaa rangi nyekundu au za kijani na njano, na mwenyeji huonekana mgeni kwake. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali yote ihamie Dodoma, watumishi wengi wamefika na mapenzi yao waliyoyapata pwani. Watu wa Dar es Salaam huwacheka wenyeji kwa jambo hili, wakisema hawana uzalendo. Kicheko hicho hakitazami historia. Mtu hufungamana kwa urahisi zaidi na timu itakayokuwapo kesho, na katika miaka hamsini watu wa Dodoma wameona timu nyingi zisizofika kesho.

Timu ya sasa ya mji huo ni Dodoma Jiji. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, miaka miwili baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji, na mwenye timu ni halmashauri. Kwa upande mmoja hii ni hatua ya mbele, kwa kuwa jina sasa ni la mji, na fedha za halmashauri hutoka katika ushuru na kodi za wakazi. Muuza nyanya wa soko la Majengo aweza kusema kwa haki kwamba mkono wake umo katika timu. Lakini jinsi ya kuuliza habari za mkono huo ni ngumu. Mkazi hana kura juu ya kocha wala juu ya msimamizi wa timu. Anayo kura juu ya diwani, kila baada ya miaka mitano, na kura hiyo moja yapaswa kubeba maji, zahanati, mitaro na madarasa kabla ya kuufikia mpira. Ni vigumu kumlaumu mtu akiweka zahanati mbele. Hivyo malalamiko juu ya timu hubaki kibarazani, na kwenye kiti kitupu cha uwanjani.

Singida, iliyo kaskazini-magharibi ya Dodoma katika uwanda uleule, imepita njia nyingine, nayo ni njia ya mlezi. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na kwa muda mfupi ikawa ajabu ya nchi. Ilimpata kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyewahi kuifundisha Yanga; ilidhaminiwa na kampuni ya SportPesa; na mlezi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge kutoka Iramba. Juni 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, ilikuwa imeteremka kutoka Ligi Kuu.

Hapa maneno yenyewe yafaa kupimwa, maana Kiswahili cha mpira kimekusanya majina mengi ya mtu mwenye fedha, na kila moja humweka shabiki mahali pake. Mfadhili hutokana na fadhili. Atoaye fadhili hadaiwi hesabu, bali hushukuriwa. Mlezi hutokana na kulea. Mwenye kulelewa ni mtoto, na mtoto hamwulizi mzazi kwa nini chakula cha leo ni kidogo. Mdhamini hutokana na dhamana, neno la mkataba, lakini mkataba huo ni baina yake na viongozi, na mshangiliaji hautii saini. Mwekezaji ni mtu awekaye mali mahali ili izae. Nayo mali iliyowekwa mahali yaweza pia kuondolewa. Katika majina yote manne hakuna hata moja linalompa mtu wa jukwaani haki ya kuuliza. Lile la mwanachama lilimpa haki hiyo, nalo ndilo ambalo nyanda za kati hazikulizoea.

Mambo ya mwekezaji yalidhihirika Singida baada ya mwaka 2022. Mwaka huo timu iliyoitwa DTB, iliyokuwa imepanda kutoka ligi ya chini, ilichukua jina la Singida Big Stars na kuhamia Singida. Msimu wa 2022/23 ilishika nafasi ya nne katika Ligi Kuu, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Mwaka 2023 iliungana na Fountain Gate, wenye shule za mpira Dodoma, ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 neno Singida likaondolewa, timu ikabaki Fountain Gate, ikahamia Babati katika mkoa wa Manyara. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi timu ilipofika alikuwa hajatimiza kumi na tatu ilipoondoka, naye alikuwa amekwisha kuishangilia kwa majina mawili.

Lakini Singida haikubaki bila timu. Mwaka huohuo wa 2024 Ihefu, timu ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya, ilihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Hapo waliodhulumika na walionufaika walibadilishana mahali. Ihefu ni jina la bwawa la Usangu ambamo mto Ruaha Mkuu hupita kabla ya kuteremka Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Timu yenye jina hilo ilikuwa na heshima ya pekee: Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Mbarali, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga haikuwa imefungwa. Oktoba 2023 iliifunga tena hapohapo kwa hesabu ileile. Mambo hayo yalitendeka mbele ya wakulima wa mpunga wa Mbarali, na kumbukumbu zake ni zao. Nafasi katika ligi, wachezaji na mkataba vilikwenda Singida. Kumbukumbu hazikuweza kupakiwa garini.

Jambo la namna hii si la Tanzania peke yake. Katika Uingereza timu ya Wimbledon ya London iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, ikahamia mwaka 2003, na mwaka 2004 ikabadilishwa jina. Wapenzi wake hawakungoja: mwaka 2002 wenyewe waliunda AFC Wimbledon, timu inayomilikiwa na mashabiki, wakaanzia ligi za chini kabisa, na mwaka 2011 wakafika ligi ya wataalamu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa na desturi ya vyama, na kwa sababu ngazi ya ligi zao ilikuwa imara kiasi cha kuwapandisha hatua kwa hatua. Wapenzi wa Pan African walikuwa wamefanya jambo lililofanana na hilo miaka ishirini na zaidi kabla yao. Kwa hiyo dawa hiyo si ngeni kwa Waswahili, imesahauliwa tu.

Na huko Dar es Salaam kwenyewe mlango wa mwanachama umekuwa ukifanyiwa matengenezo. Agosti 2016 mkutano wa Yanga ulikubali timu ikodishwe kwa mwenyekiti wake, Yusuf Manji, kwa miaka kumi, yeye achukue sehemu 75 katika 100 za faida. Baraza la Michezo la Taifa lilipinga, na mwaka uliofuata Manji akajiuzulu. Agosti 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa, na Desemba mwaka huo Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida na mbunge wake wa zamani, akatangazwa kuwa mwekezaji wa sehemu 49 katika 100 kwa shilingi bilioni 20, sehemu 51 zikibaki kwa wanachama. Simba ilipomaliza ya tatu katika msimu wa 2023/24, manung'uniko ya wapenzi wake yalikuwa makubwa, na Juni 2024 baadhi ya wajumbe wa bodi walijiuzulu, Dewji akarudi kuwa mwenyekiti wa bodi. Mtu aweza kubishana kama mabadiliko hayo yalikuwa mema au la. Lakini ni dhahiri kwamba sauti ya chini ilisikika juu.

Wako watakaosema kwamba watu wa Singida hawana haki ya kunung'unika, kwa kuwa mwenye mali ndiye aliyewaletea neema. Hoja hii ina uzito, nayo haifai kudharauliwa. Singida Black Stars ilimaliza ya nne katika msimu wa 2024/25, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman mabao 2 kwa 1. Hapana chama cha kadi na ada za wakulima wa alizeti kingeweza kufanya hayo kwa mwaka mmoja. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na mwenyeji alipona kweli. Uchungu wa mwenyeji si kwamba mgeni alikuja. Ni kwamba mgeni aweza kuondoka bila kuaga, na mwenyeji amekwisha kuona akiondoka.

Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katika uwanda huu. Baada ya ukame wa Marenga Mkali ilifika Ugogo, na kabla ya kuingia Mgunda Mkali ilihitaji maji, nafaka na amani. Watemi wa Wagogo waliitoza hongo: nguo, shanga, waya. Wasafiri wa pwani na wa Ulaya waliinung'unikia sana hongo hiyo na kuiita unyang'anyi. Lakini kwa wenyeji ilikuwa ada ya haki. Visima vilikuwa vyao, nchi ilikuwa yao, na apitaye na mali yake alipaswa kukiri hivyo kwa mkono wake. Baadaye neno hongo likaharibika, likawa jina la rushwa, yaani kitu kitolewacho kwa siri kwa mtu mmoja ili wengine wasijue. Asili yake ilikuwa kinyume cha hayo: malipo ya wazi kwa mwenye mahali.

Timu za siku hizi ni misafara iliyo na mali nyingi kuliko ile ya zamani. Hupita Dodoma na Singida, hutumia jina la mji, sauti ya watu, viingilio vyao na fahari ya watoto wao. Kisha baadhi yake huendelea na safari. Haitazamiwi kwamba mwenye mtaji atatoa mtaji wake bure, wala kwamba kila mshangiliaji atakuwa mkurugenzi. Lakini lipo jambo dogo ambalo historia ya nyanda hizi yadai: kwamba jina la mji lisichukuliwe wala kuachwa bila mji kuulizwa, kwamba sehemu ya timu, hata ikiwa ndogo, iwe ya chama cha wakazi chenye kadi na mkutano, na kwamba hesabu zisomwe mbele yao mara moja kwa mwaka. Hayo yakitendeka, mtu wa Singida atakayesema "timu yetu" atakuwa na karatasi ya kuonyesha. Yasipotendeka, ataendelea kusema hivyohivyo, maana lugha haimkatazi. Lakini kila msimu ukiisha atatazama barabara ya Babati na ile ya Manyoni, apate kujua kama gari la timu lingali mjini.